Gemu si adui wa nyumba: Jua mwanao anacheza nini kabla ya kumnyang'anya simu

Jioni ya Isingiro, wilayani Kyerwa, ina burudani zake. Wazee wanasukuma vizibo vya soda kwenye ubao wa drafti nje ya kibanda cha fundi baiskeli. Vijana wamejaa banda la video wakisubiri mechi ya Ulaya. Kina mama wanachambua maharage kwenye mkeka huku redio ikiongea. Pembeni, kwenye benchi la duka lenye umeme, watoto watatu wameinamia simu moja. Mmoja anacheza, wawili wanamwelekeza.

Kati ya watu wote hao, ni hao watatu tu watakaogombezwa wakirudi nyumbani.

Mzee wa drafti anaweza kukaa pale tangu saa tisa alasiri hadi giza liingie, chakula kikapoa mezani, na hakuna atakayesema ana ugonjwa. Watu watasema anapumzika. Shabiki wa mpira anaweza kukosa usingizi kwa sababu timu yake imefungwa, na hilo litaitwa mapenzi. Lakini mtu akisema burudani yake ni gemu, hasa kama ameshavuka utoto, wenzake humtazama kama asiye na kazi ya kufanya.

Kwa mzazi, hapo ndipo penye kosa la kwanza. Ukishaamua kwamba gemu ni upuuzi, hutaona tena tofauti kati ya mtoto anayecheza kwa furaha na yule ambaye mchezo umeanza kumcheza yeye. Wote wawili utawapokonya simu, na yule wa pili hutakuwa umemsaidia.

Baba naye anacheza

Chukua mfano wa nyumba moja. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, mama anauza ndizi na maharage sokoni, na nyuma ya nyumba kuna migomba na mibuni. Wana kijana wa miaka 13 anayejiandaa na mtihani wa darasa la saba, na binti wa miaka 11.

Baba huyu ni mchezaji wa gemu, ingawa mbele ya walimu wenzake halitaji. Alianza na yule nyoka wa Nokia, anayekula nukta na kurefuka mpaka ajigonge. Nyoka huyo aliingia kwenye simu za Nokia mwaka 1997, na wazazi wengi wa leo waliosema hawajawahi kucheza gemu wamesahau tu kwamba waliwahi kumlisha. Akiwa chuoni, mwalimu akahamia kwenye PlayStation za kulipia, gemu ya mpira, anayefungwa anainuka na kumpisha mwingine. Sasa ana gemu ya mpira kwenye simu yake. Akimaliza kusahihisha madaftari, hucheza mechi mbili au tatu, anaweka simu kwenye chaji, anakwenda kula.

"Baba watoto, na utu uzima wote huo bado unacheza?" mkewe humtania.

"Mama, wewe una redio yako, mimi nina timu yangu," humjibu.

Ni utani wa nyumbani, lakini una hoja ndani yake. Mwaka 2006, mwanasaikolojia wa Marekani Richard Ryan na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kinachowavuta watu kwenye gemu. Walieleza mahitaji matatu ambayo kila binadamu anayo: kujiona anaweza jambo, kuwa na uhuru wa kuamua, na kuwa pamoja na wengine. Gemu nzuri hugusa yote matatu.

Mtazame mwalimu huyo. Kazi yake ni ya kusubiri. Mtoto anayemfundisha kusoma leo, matunda yake yataonekana baada ya miaka. Kahawa aliyopanda naye huisubiri miaka kadhaa. Kwenye gemu, kosa la dakika ya kumi linaweza kurekebishwa dakika ya kumi na mbili, na matokeo yanaonekana hapo hapo. Si ajabu kwamba mechi mbili zinamshusha uchovu.

Mtazame na mtoto. Sare amechaguliwa, chakula amechaguliwa, dawati amepangiwa, kazi za nyumbani ameelekezwa. Kwenye gemu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, anachagua yeye. Akishindwa hachapwi, anaanza upya. Wale watatu wa kwenye benchi wanashirikiana, wanabishana, wanapeana zamu. Babu zao walifanya hivyo hivyo kwenye bao.

Wataalamu wamepata nini

Wazazi wengi wanaogopa kwamba gemu za vita zitamfanya mtoto awe mkatili. Mwaka 2019, watafiti wa Uingereza Andrew Przybylski na Netta Weinstein waliwachunguza vijana wapatao 1,000 wa miaka 14 na 15, na wazazi wao wakaulizwa kuhusu tabia zao. Hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu za mapigano na ukali wa vijana hao. Hii haina maana kwamba kila gemu inamfaa kila mtoto. Ina maana kwamba hofu hiyo peke yake haitoshi kuwa sababu ya marufuku.

Upande wa faida, utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwapima madaktari 33 katika mazoezi ya upasuaji wa tundu dogo, ule ambao daktari huongoza vifaa huku akitazama kioo. Waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37 kuliko wasiocheza kabisa. Mzazi asikimbilie kusema gemu humfanya mtoto daktari. Madaktari wale walisoma kwanza. Lakini mkono na jicho havikuwa vimekaa bure.

Utafiti unaomhusu mzazi zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotoka mwaka 2022. Wachezaji karibu 39,000 wa gemu saba tofauti walifuatiliwa kwa wiki sita, na muda waliocheza ulichukuliwa kwenye kumbukumbu za gemu zenyewe, si kwa kukisia. Wingi wa saa ulionekana kuwa na athari ndogo sana, au usiwe nayo kabisa, katika jinsi watu walivyojisikia. Kilichoonekana kuwa na uzito ni sababu ya kucheza. Waliocheza kwa sababu wanataka walijisikia vizuri zaidi. Waliocheza kwa kuhisi wanalazimika, hapana.

Kutaka na kulazimika: maneno hayo mawili mzazi ayabebe. Mtu mwenye burudani anaweza kuiacha na kuirudia. Aliyenaswa hawezi.

Pale mchezo unapomshinda mchezaji

Shirika la Afya Duniani, WHO, linatambua tatizo la uchezaji gemu kuwa ni ugonjwa. Limo katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu, na zote huangaliwa kwa pamoja.

Ya kwanza, mtu anashindwa kujizuia: hawezi kuamua aanze saa ngapi, acheze kwa muda gani, aache lini. Ya pili, gemu inapanda juu ya mambo mengine yote, kuanzia chakula, masomo, marafiki hadi usafi. Ya tatu, anaendelea au kuongeza hata baada ya kuona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu takribani miezi 12 na imevuruga maisha yake nyumbani, shuleni au kazini, ingawa muda unaweza kufupishwa dalili zikiwa kali. Mtoto aliyeng'ang'ania simu likizo ya wiki mbili hajaingia humo.

Lakini kabla ya kufika kwenye ugonjwa kuna eneo la katikati, na huko ndiko familia nyingi zilipo.

Turudi kwenye nyumba ya mwalimu. Imebaki miezi miwili kufika mtihani wa Septemba. Kijana anasinzia darasani. Alama za hisabati zimeshuka. Asubuhi anaamshwa mara tatu. Siku moja mama anafungua simu yake atoe pesa ya kuwalipa vibarua wa kuchuma kahawa, anakuta imepungua. Kijana anajua namba ya siri, na amenunua bando na vifaa vya kwenye gemu.

Baba anafanya ambalo wengi wangefanya. Anamnyang'anya simu. Wiki inayofuata kijana anaaga kwamba anakwenda masomo ya ziada, kumbe yuko kwenye kibanda cha gemu. Mwanzo tatizo lilikuwa usingizi na pesa. Sasa limeongezeka la uongo.

Ndipo baba anakaa naye nje na kumwambia neno moja: "Nionyeshe."

Kijana anaonyesha, kwanza kwa woga, kisha kwa maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima. Baba anagundua mambo matatu. Kwanza, gemu hiyo inachezwa kwa timu ya watu wanne, na mechi haisimamishwi katikati. Anayetoka anawaangusha wenzake. Pili, kuna zawadi ya kila siku, na asiyeingia siku hiyo anaikosa. Tatu, na hili ndilo lililomkalisha chini, wenzake hukutana saa sita usiku kwa sababu ndipo bando la usiku, lenye bei nafuu, linapoanza kufanya kazi.

Mtoto hakuwa anapenda usiku wa manane. Alikuwa anafuata bei ya bando.

Bila kuuliza, baba asingejua. Angeendelea kupigana na gemu, wakati kilichokuwa kinakula usingizi wa mtoto ni saa ya kucheza, na kilichokuwa kinamrudisha kila siku ni zawadi iliyotegwa ili asikose. Zawadi za namna hiyo ndizo zinazogeuza kutaka kuwa kulazimika. Gemu nyingi za simu ni za bure kuingia, na wenye gemu hupata fedha kwa matangazo na kwa vitu vinavyouzwa humo ndani. Wana kila sababu ya kumtaka mchezaji arudi kesho.

Makubaliano yanayoshikika

Familia ya namna hii inaweza kukubaliana mambo machache, na yakatekelezeka kijijini kama mjini.

Usingizi uwe wa kwanza. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanashauri watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi shule, akicheza mpaka saa nane usiku, hesabu yake haikamiliki. Simu zote zilale chumbani kwa wazazi. Kama ni bando, afadhali kulinunua la mchana wa Jumamosi kuliko kuokoa shilingi chache na kupoteza darasa la Jumatatu.

Pima kwa mechi, si kwa dakika. Ukimwambia mtoto "nusu saa" na nusu saa ikaisha mechi ikiwa katikati, ugomvi lazima. Mkikubaliana mechi tatu, mwisho unaonekana na wote. Akiimaliza ya tatu na kuweka simu chini mwenyewe, umeshaona kwamba anaweza kuacha.

Namba ya siri ya pesa iwe ya mwenye pesa. Mapato ya kahawa huja kwa msimu, hayaji kila wiki. Mtoto hana budi kujua kwamba silaha au nguo ya kwenye gemu inanunuliwa kwa shilingi zile zile za vibarua.

Angalia umri. Kwenye duka la programu la simu, kila gemu ina namba inayoonyesha umri unaofaa: 3, 7, 12, 16 au 18. Grand Theft Auto V, ambayo watoto huitazama na kuicheza vibandani, imewekwa kwa wenye miaka 18. Mzazi aliyemruhusu mtoto kwenda kibandani apite siku moja aone kinachochezwa, nani wapo, na kama watoto huingia saa za shule.

Tofautisha gemu na kamari. Kuna mashine za kutumbukiza sarafu, wengi huziita dubwi au bonanza, ambazo zimesambaa mpaka vijijini. Zina taa na muziki kama gemu, lakini hakuna mtoto anayeongezeka ustadi kwenye dubwi. Kinachoongezeka ni sarafu ndani ya sanduku. Tanzania hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Hata mechi ya gemu ya mpira, ikishawekewa dau, imeshatoka kwenye burudani.

Macho na mwili vipewe nafasi. Mtu akikazia kioo hupepesa macho mara chache, macho hukauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 aangalie mbali, kama mita sita, kwa sekunde 20. WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku kwa wastani. Mtoto wa Isingiro anayepanda kilima kwenda shule na kushuka kufuata maji anaweza kuwa ameshazimaliza, tofauti na mwenzake wa mjini anayepelekwa kwa gari. Kama mtoto ana kifafa, mwulize daktari kwanza, kwa sababu mwanga unaowakawaka unaweza kuamsha degedege kwa baadhi yao.

Kwa wadogo kabisa, mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 ni mfupi: chini ya miaka miwili, kioo hapana, kuanzia miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Simu si yaya.

Mzazi naye ashike makubaliano. Baba anayesema "simu mezani hapana" halafu anamalizia mechi yake sahani ikiwa mbele yake, amefuta sheria yake mwenyewe.

Na binti je?

Katika mfano wetu kuna mtoto ambaye hajagombezwa hata mara moja. Ni binti wa miaka 11. Anapenda gemu ya kupanga maumbo kwenye simu ya mama, lakini akianza tu anaitwa: maji, vyombo, mdogo wake analia. Kaka yake ana gemu nyingi mno, yeye hana muda wa kucheza kabisa. Nyumba ikilalamikia la kwanza bila kuliona la pili, haijamaliza hesabu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja mapumziko na michezo kuwa haki katika ibara ya 31. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaka mzazi ampe mtoto haki ya kucheza na kupumzika, pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Haikusema mtoto wa kiume. Kazi zikigawanywa, kijana akachota maji siku zake na binti akapata mechi zake tatu Jumamosi, muda wa kijana kwenye simu utapungua bila hata fimbo.

Kama baada ya mazungumzo na makubaliano mtoto bado hawezi kuacha, anakasirika kupita kiasi akizuiwa, haogi, hali, hataki shule, na hali hiyo inaendelea, mpeleke kituo cha afya na ueleze hivyo hivyo ulivyoona. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri nayo ni mahali pa kuomba ushauri. Mara nyingine gemu ni pango la kujificha. Mtoto anayeonewa shuleni, aliyefiwa, au anayeishi katika ugomvi wa wazazi anaweza kukaa humo kwa sababu nje kunauma. Huyo, ukimnyang'anya simu, umemtoa pangoni na kumrudisha kwenye maumivu.

Kwa wengine wote, ambao ndio wengi, anza na lile neno moja la mwalimu. Kaa chini, mpe mtoto nafasi akuonyeshe anachocheza, kubali kufungwa mabao matano, na usikilize. Dakika 20 hizo zitakueleza yuko na nani, anatumia nini, analala saa ngapi, na kama bado anacheza kwa kutaka. Ukishajua hayo, utajua pia kama kuna cha kukataza.